Sihami kwa Ajili ya Manukato

Nyumbani kwetu,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba. Shikamoo yenyewe sikuiona kwenye barua yako, lakini mama alitulea vizuri, kwa hiyo nachukulia ilidondoka njiani. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na yule wa mwisho ameshaacha kunyonya kidole? Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Barua yako niliisoma nimekaa, nikairudia nimesimama. Unasema shangazi amekueleza kwamba nimeweka mwanamume ndani. Eti siku aliyokuja kutusaidia kutandika vitanda, mimi nikiwa kazini, alinusa manukato ya kiume kwenye mto. Na wewe, kama mtoto wa kiume wa nyumba hii, unataka nimfukuze mtu huyo au nihame kabla mwezi haujaisha. Nimekuelewa vizuri sana. Sihami.

Sasa kaa nikueleze habari za hayo manukato, maana naona yamefika huko hata kabla ya salamu zangu.

Kazi yangu unaijua, kinyozi, na unakumbuka watu walivyocheka nilipoishika mashine mara ya kwanza. Siku hizi hawacheki, wanapanga foleni. Basi bosi aliamua kubadili manukato tunayowapaka wateja baada ya kuwanyoa, kwa sababu yale ya zamani yalikuwa yanawasha. Dereva mmoja wa teksi aliruka kitini kama aliyemwagiwa chai. Bosi akaleta chupa ya bei rahisi kuliko zote dukani, ya bluu, ina picha ya farasi na kifuniko kisichobana, akaniambia, "Wewe ndiye mwenye pua. Ijaribu, ukisema haifai naitupa."

Mimi sijaribu manukato kwa kunusa mdomo wa chupa. Chupa zote hunukia, kama wachumba wote walivyo na adabu siku ya kwanza. Ngozi ya mteja wangu inakuwa imetoka kupitiwa na wembe, kwa hiyo na mimi hunyoa kipande cha mkono wangu nikapaka papo hapo. Shangazi amekwambia pia kwamba mkono wangu una kipara. Ndiyo, unacho, ni kipara cha kazi.

Hukumu yangu ni hii. Mwanzo ni spiriti tupu, inakupanda puani mpaka machozi yanakulengalenga. Hapo usikate tamaa. Ikikauka linakuja ganda la limau, na limau likichoka inabaki harufu tulivu, kama mbao iliyotoka kupigwa randa, na sabuni kwa mbali. Hiyo ndiyo yenyewe. Hayakuniwasha hata kidogo. Kwenye ngozi hayadumu, sikufichi. Ikifika saa ya chakula cha mchana nayatafuta kwa pua na siyapati. Lakini kwenye nguo yanang'ang'ania kama kupe. Shati langu nililifua, nikalianika juani, nikalipiga pasi, na kola bado ilikuwa inanisalimia. Sembuse mto.

Nikamwambia bosi anunue, na wateja wameyapenda. Fundi bomba mmoja alirudi kunilalamikia kwamba mkewe amemuuliza ametoka kwa nani. Nikamwambia ajibu ametoka kwa kinyozi, na asipoaminiwa amlete nimnyoe na yeye.

Jaribio lilipokwisha chupa sikuirudisha. Najipaka kila asubuhi, kwa raha zangu. Wameandika ni ya wanaume, lakini walioandika hawakuiuliza pua yangu. Kutwa nzima nasimama katikati ya nywele na jasho la watu, kwa hiyo harufu ya kujipaka nachagua mwenyewe, simwombi mtu ruhusa. Yale ya maua aliyoniletea wifi hunipa chafya. Asikasirike, nimeyatunza.

Ama kuhusu mwanamume, hayupo. Usishushe pumzi upesi. Nasema hayupo kwa sababu hayupo, si kwa sababu nakuogopa. Mimi ni mjane na mtu mzima, na siku nikimpata wa kuniridhisha atapita mlango wa mbele mchana kweupe, shangazi amnuse ana kwa ana. Nilipofiwa ni wewe uliyenibembeleza nirudi nyumbani nimwangalie mama. Leo wewe huyo huyo unanipangia siku ya kuondoka. Nikihama, nani atamwinua mama kitandani asubuhi? Barua yako? Imeniuma, tena sana, kwamba wewe niliyekubeba mgongoni umeamini mto ukaacha kumwamini dada yako.

Limebaki moja, nalo nimeliweka mwisho makusudi. Mto alionusa shangazi ni wa chumba cha nyuma, kile mnachokijua kuwa changu. Ungekuwa unakuja kututazama ungejua tumebadilishana. Tangu magoti yalipozidi, mama analala nyuma, karibu na choo, na mimi nimehamia mbele. Shangazi naye hakuuliza, alinusa akaondoka. Mto ule ni wa mama.

Aliniona najipaka, akanyoosha shingo. Nikamwambia, "Mama, haya ni ya wanaume." Akasema, "Mwaka mzima nanuka dawa ya kuchua kama mchezaji mpira aliyeteguka. Paka hapo. Na huku." Sasa hanywi chai ya asubuhi kabla hajapakwa, na jioni anarudia mwenyewe, wala mkono wake si mwepesi. Na yanaishinda ile dawa ya kuchua, mdogo wangu. Manukato ya bei ile sikutegemea yangeiweza.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, na ukizungumza tena na shangazi mwambie namwamkia. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Barua yako nimemsomea mama yote, sikuruka neno. Alicheka mpaka akashika mbavu. Jibu lake nakuandikia kama alivyolitamka: "Mwambie mwanangu huyo mwanamume ni wangu mimi. Aje anifukuze mwenyewe."

Dada yako akupendaye, ambaye hahami.