Ukurasa Niliomficha Baba

Mahema ya Waliohama,
Garsen.
19 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Caleb,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Kifua kimepona? Na baridi ya huko Dijon, imepungua? Sisi ni wazima wa mwili. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya.

Kijiji chetu cha Hewani kimekwenda na maji. Nyumba, migomba, mpunga, hata kaburi la mama, vyote viko chini ya mto.

Ila linalonielemea ni la baba. Unaikumbuka barua yako juu ya vita vya kuugombea mji huo unamoishi, mwaka 1870 na 1871? Kila jioni alitaka nimsomee. Wajerumani wanauteka mwezi wa kumi. Wafaransa wanajaribu kuurudisha, wanashindwa. Karibu na mwaka mpya Wajerumani wanajiondokea, kisha wanarudi Januari, na safari hii Wafaransa wanawazuia siku tatu mpaka wanarudi nyuma. Hapo baba alijipiga kofi gotini: "Umeona, mwanangu?" Nami nikakunja barua. Ukurasa wa mwisho sikumsomea hata mara moja. Nilimwonea huruma.

Maji yalipopanda tulihama sote, yeye akakataa. Alibaki kwenye tuta la kuzuia mto, akijaza udongo magunia kwa jembe. Kesho yake nilimrudia kwa mtumbwi pamoja na Galgalo, yule rafiki yake mfugaji. Maji yalishamfika kiunoni.

"Siku tatu tu," alisema. "Yatarudi nyuma."

Nilimwambia yote, Caleb, pale pale majini. Kwamba mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa saini mbali, upande ule ukaachwa nje yake, na wale wale waliowazuia Wajerumani wakauacha mji.

"Waliondoka?"

"Waliondoka, baba."

Akaliachia jembe likazama. Galgalo akamshika mkono, akampandisha.

Tangu hapo chakula anakigeuzia uso. Jana nikamwambia mji wenyewe upo mpaka leo, nawe unaishi humo. "Mji ule ni wa mawe," akasema. "Hewani ni udongo."

Sijui kama nilimwokoa. Muuguzi anasema nikuite. Njoo ukiweza, ingawa siwezi kukuahidi kwamba utamkuta.

Shangazi Josephine anakusalimu, na Galgalo pia, ambaye ng'ombe wake wote wamezama. Mungu akulinde huko uliko, maana huku sina cha kukulindia.

Dada yako akupendaye,
Asenath