Mpangaji Asubiri Benki Ijibu

Ijumaa jioni. Mvua imekatika, lakini Kibaoni yote bado ni tope.

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili: tangu mama ahamishiwe Mlimba, nalala na kitenge chake chini ya mto. Niko kidato cha tatu. Fide, mdogo wangu, akikiona nitaona aibu sana.

Mama ni muuguzi. Alipopata uhamisho tulikubaliana kwamba shule zikifungwa, mimi, Fide na baba tutamfuata, na nyumba hii tutaipangisha. Kodi ndiyo italipa rejesho la benki, kwa sababu nyumba ilinunuliwa kwa mkopo wa mama na bado haujaisha. Bila mpangaji hatuwezi kuhama. Nimekuwa nikiliombea hilo kanisani.

Jumapili iliyopita mpangaji alikuja. Ni kaka Deo, muuza vipuri vya pikipiki, pamoja na mke wake. Waliipenda nyumba. Kaka Deo alinyoosha mikono ukutani kuona kama kochi lake litaenea. Baba akawaambia wahamie mara tu shule zikifungwa.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai, na nilijua kitu ambacho sikutaka kukijua.

Huwa nasoma chochote chenye maandishi, hata mfuko wa mbolea. Mkataba wa mkopo niliusoma siku moja ya mvua, nilipoishiwa vitabu. Unasema nyumba isipangishwe kabla benki haijakubali kwa maandishi. Nikinyamaza, kaka Deo anahamia, nasi tunakwenda kwa mama. Nikisema, benki inaweza kukataa, na mama atabaki huko peke yake.

Nililiweka sinia mezani.

Kisha nikasema. Sauti ilitoka ndogo mno, ikabidi nirudie.

Baba alicheka. "Mwanangu, watu wa huku kila msimu wanaachia mtu nyumba, wao wanahamia shamba. Umesikia nani kaomba ruhusa?"

Ni kweli. Hata babu alifanya hivyo miaka yote. Nikajibu, macho kwenye sinia, kwamba nyumba ya babu haikuwa dhamana ya mkopo. Hii yetu ni dhamana, na benki ikigundua inaweza kuudai mkopo wote kwa mkupuo.

"Mzee, kumbe una wakili humu ndani," kaka Deo akasema. "Mimi nitasubiri. Sitaki kutolewa nje mvuani na kochi langu."

"Kochi lenyewe bado liko dukani," mkewe akasema.

Walicheka wote isipokuwa baba. Nilifikiri amenikasirikia. Usiku ule sikula vizuri.

Jumatatu nilipotoka shule nilimkuta baba getini, amevaa shati la kanisani. Tulikwenda moja kwa moja benki.

Nilidhani tutagombezwa. Dada wa mikopo alitusikiliza, akasema vizuri tumekuja mapema, maana wengi huja wakati mpangaji keshaingia. Ruhusa hutolewa, hasa mtu anapohamishwa kikazi. Tuandike barua ya maombi, tuambatanishe barua ya uhamisho na rasimu ya mkataba wa kupangisha. Hakuahidi kitu. Alisema tu haoni sababu ya kukata tamaa, na kwamba mpaka jibu litoke, mpangaji asiingize hata ndoo.

Halafu akasema barua isainiwe na mkopaji mwenyewe.

Mkopaji ni mama.

Njiani baba alisema atamkabidhi kondakta wa basi barua hiyo, mama aipokee kule. Mimi si mtu wa kuomba vitu. Hata darasani, nikijua jibu, huwa nasubiri mwingine anyooshe mkono. Lakini tulipofika karibu na nyumbani nilimwambia baba naomba niipeleke mimi.

Alikubali. "Haya. Usiilowanishe tu."

Barua niliiandika Jumanne, nikairudia mpaka ikanyooka. Baba aliisoma kwa sauti, kila neno, akasema inatosha.

Leo baada ya vipindi nilikata tiketi ya basi la kesho asubuhi. Nimeitia barua kwenye bahasha ya plastiki, nimechemsha mayai ya njiani, kisha nikampigia mama kumwambia anisubiri stendi.