Mashua Mbili za Ramani Moja

Dodoma, Jumapili alasiri. Mvua imekatika tangu asubuhi, mawingu bado yapo. Upepo wa mji huu, ambao siku zote hunijaza vumbi machoni, leo umetulia kama unaningoja niseme kitu. Nimekula matonge mawili tu.

Sijawahi kuandika humu nikiwa na hofu. Leo ninayo, niseme wazi. Issa yuko kifungoni bomani kwa sababu yangu. Kesho asubuhi atapigwa viboko ishirini na tano, hamsa ishirini kama askari wanavyoita, na mimi nimekaa kibarazani nachezea kalamu.

Nianze mwanzo, nisije nikajidanganya.

Mwaka huu kifuku kimezidi. Mvua zimelijaza bonde la Bahi mpaka limekuwa ziwa, na mabwana wawili wa Kijerumani, yule wa boma na yule wa reli, wakakumbuka mashua ndogo za kwao. Wakataka washindane. Zijengwe mbili, ramani moja, mlingoti wa kipimo kimoja, tanga la kipimo kimoja. Bwana wa boma alinieleza kwa Kiswahili chake kizito kwamba zifanane kama mapacha, ili atakayeshinda ashinde kwa akili yake, siyo kwa chombo chake.

Mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu kila mashua ina tabia yake: hii nyepesi, ile nzito, hii inapenda upepo wa nyuma, ile hodari wa kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kukata huku na huku. Watu wakishindana wanasifu mashua kuliko nahodha. Hili la mapacha lilikuwa geni kwangu na likanipendeza mno. Nikajiona ndiye fundi pekee bara zima anayelielewa. Nikatembea mjini nimevimba kichwa.

Nilijenga ya bwana wa boma, pale pale uwanjani kwake. Ya bwana wa reli alijenga Issa, Mrangi wa Kondoa, fundi mwenzangu na rafiki yangu, kwenye banda la stesheni. Issa ana mkono mzuri wa randa kuliko mimi, ila hasomi. Mimi nilipita shule ya serikali, kwa hiyo ramani nilipewa mimi, pamoja na fimbo moja ya mita. Nipime yangu, kisha nimpelekee fimbo apime yake.

Nilipomaliza kupima mkuku wangu, ule mti mrefu wa chini unaobeba mashua, niliiegemeza fimbo ukutani nikaenda zangu. Siku nne baadaye nilipoishika ilivunjika mkononi kama mkate mkavu. Mchwa. Walikuwa wameila yote ndani, wakaacha ngozi na rangi. Mtu yeyote wa Dodoma angeitundika juu kwa kamba. Mimi huu mwaka wa tatu niko hapa, na bado naegemeza miti ukutani kama niko kwetu.

Mali ya serikali hiyo. Niliogopa kusema. Nikapima mkuku wangu kwa mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole, nikapata mikono kumi barabara. Nikaenda stesheni nikamwambia Issa: mkuku mikono kumi, mlingoti mikono kumi na mmoja. Akaitikia, akaanza kazi. Ndivyo mafundi tulivyopima maisha yetu yote, hakuona ajabu.

Issa ni mfupi. Ananifika begani. Mkono wake ni mfupi kuliko wangu kwa upana wa kidole kimoja, na vidole kumi ni karibu shibiri nzima. Hesabu ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeifanya. Msomi mimi sikuifanya.

Ijumaa tulizishusha Bahi. Zilikuwa zimekuja kwa gari moshi, kila moja behewa lake, zimefunikwa maturubai. Nilipoingia katika ya Issa kumsaidia kukaza kamba, magoti yangu yaligota ubao wa mbele. Katika yangu hayafiki. Nikajua pale pale.

Nikanyamaza.

Nilijiambia kwamba majini hakuna atakayeona. Na kweli, jana asubuhi zilipoelea, ukiwa mbali huoni tofauti. Watu walijaa ukingoni, Wagogo wenye ng'ombe wao, makarani, askari na wake zao. Mizunguko ilikuwa mitatu, kuzunguka nguzo mbili za bendera. Upepo ukiwa nyuma, mashua yangu iliteleza mbele bila taabu. Kwenye nguzo, ile ya Issa iligeuka upesi zaidi, kwa kuwa fupi hugeuka upesi, na watu wakaishangilia. Lakini wakianza kubisha kurudi, yangu ilikata mawimbi, ile fupi ikawa inadundadunda na kusimama. Bwana wa reli alijitahidi, haki ya Mungu. Alijua upepo kuliko mwenzake. Mara tatu aliachwa.

Nilifurahi, niandike hivyo hivyo. Nilijua kwa nini tunashinda na bado nilipiga makofi.

Bwana wa reli alitoka majini uso umemwiva. Akaamuru mashua zilazwe majanini ubavu kwa ubavu, nyuma zikiwa sawa. Pua ya mashua yangu ikaipita ya Issa kwa shibiri. Bwana wa boma alikuwa bado anacheka, akaacha kucheka, maana sasa ushindi wake ulionekana wizi mbele ya watu wake.

Akanigeukia. "Fimbo ya kupimia, ulimpa huyu?"

"Nilimpa, bwana."

Lilinitoka bila kufikiri. Issa alinitazama. Hakuwahi kuishika fimbo hiyo hata siku moja, na alikuwa na nafasi ya kusema. Akainamisha kichwa akasema, "Nilipima vibaya, bwana." Wakamfunga mikono papo hapo.

Nimerudi naye gari moshi moja, yeye behewa la mizigo, mimi nimekaa na makarani. Waliniuliza habari za kubisha na mlingoti, nikawa nawajibu.

Leo asubuhi nimempelekea uji. Askari wa zamu ananijua, akaniacha nisimame dirishani. Issa ametoka kwenye homa majuzi tu, mbavu zinahesabika. Kiboko nimekiona kikifanya kazi. Mwaka jana kuli mmoja wa reli, mtu mnene mwenye nguvu, alibebwa na wenzake baada ya kile cha kumi na nane. Sijui Issa atafika wapi.

Nilitamani anitukane. Ingenipunguzia. Yeye akanywa uji taratibu, nikamwuliza kwa nini hakusema nimedanganya. Akasema, "Tungefungwa wote wawili. Salama wangu yuko mwezi wa kujifungua. Nani angemchotea maji?" Halafu akaniuliza mita yao ni mikono yake mingapi, nimwelekeze, ili siku nyingine asikosee tena.

Hajui habari ya mchwa. Anadhani niliisahau tu fimbo, na kwamba mkono wake ndio ulioharibu kazi.

Nikaenda kwa mkewe. Salama ni mzito kweli, hakai wala hasimami. Nilimjazia mtungi, nikampasulia kuni. Akaniuliza, "Shemeji, mwenzio yuko wapi?" Nikamwambia amebaki Bahi, kuna mashua inavuja. Uongo wa pili huo ndani ya siku mbili, na huu ulitoka kwa ulaini kuliko wa kwanza. Ameniamini. Amenipa karanga za kukaanga nimpelekee. Nimekuja nazo hapa kwa sababu nilishindwa kurudi pale dirishani.

Tangu adhuhuri natafuta njia ya pembeni. Nimwandikie bwana barua. Nimwendee bwana wa reli, pengine atacheka yaishe. Nimwambie askari wa zamu aseme yeye. Nimejiona nilivyo: kila njia ninayoitafuta haina mgongo wangu ndani yake. Nikisema ukweli nitapigwa kwa ajili ya fimbo iliyoliwa, na nitapigwa zaidi kwa kumdanganya bwana mbele ya watu. Kazi nitaipoteza. Huku sina ndugu. Atakayeniletea uji ni Issa, na Issa atakuwa na mtoto mchanga.

Naogopa sana. Sina neno zuri la kulipamba hilo.

Bwana wa boma alibaki Bahi kuwinda bata. Askari amesema anarudi leo kwa toroli la reli, lile linalosukumwa na vibarua, na akishaingia ndani haonani na mtu mpaka asubuhi, baada ya viboko. Kwa hiyo ni pale reli, akishuka tu, au basi. Nimekaa hapa kwa sababu reli inaonekana.

Toroli linakuja. Naliona kwenye kona.

Limesimama. Bwana ameshuka, bunduki begani, bata wanne wamefungwa miguu pamoja, anamwambia jambo kibarua na wote wanacheka. Roho yake imekunjuka, na mimi ndiye nitakayeikunja. Nimeinuka, naandika nimesimama.

Nisiporudi leo, atakayeokota daftari hili ampelekee Salama karanga zake, na amwambie mumewe hakukosea popote.