Nitafute Chini ya Kwato

Perugia, wiki ya Mtakatifu Luka

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao, mzima na mnene kidogo kwa maharage ya huku. Natumaini goti lako limepoa, na yule nguruwe ananisubiri. Padre Savino anayekusomea barua hii namsalimu pia. Asome yote, asiruke.

Picha ya ukuta wa kanisa imekamilika. Heliodoro, aliyetumwa kupora fedha za wajane na yatima hekaluni Yerusalemu, yuko chali, na mpanda farasi wa Mungu anamkanyaga. Chokaa yote niliikoroga mimi. Bila mimi malaika wangedondoka kabla ya mwizi.

Nilikuandikia kwamba mpanda farasi atachorwa kwa sura yangu. Fundi Ercolano aliahidi kweli. Alisema kidevu kama changu hajakiona tangu aache kuchora mafahali. Najua umeshawatangazia majirani, na Jumapili mnakuja nyote.

Sasa sikia. Kumbe fundi alimpa mwizi sura ya Kapteni Baldaccio, yule aliyeondoka na sanduku la fedha za yatima mwaka jana. Pua ile ile, chunjua ile ile. Nilicheka hadi nikakalia ndoo. Kisha tukasikia kapteni naye amealikwa Jumapili, kicheko kikatukauka. Nilimwambia fundi asipoifuta sura ile, Jumatatu ataning'inia penye lango la mji, na wanawe watakuwa yatima wengine. Akabandua lipu, akachora upya kwa kubuni, na kwa hasira zake akatoka kapteni yule yule. Nikamwambia anahitaji mtu hai wa kumtazama. Mwokaji alikataa kuwa mwizi wa hekalu mbele ya wakwe zake. Mchinjaji aliuliza kama tumelewa.

Basi Mama, nilipaka lipu mbichi, nikalala sakafuni mwenyewe, fundi akanichora kuwa mwizi. Lipu ikishakauka, imekauka na picha yake, haibadiliki. Juu ya farasi amewekwa mpwa wa padre wa huku, kijana asiye na kidevu kabisa.

Kwa hiyo Jumapili usiinue macho. Tazama chini ya kwato. Yule anayeanguka vizuri kuliko wote ni mimi. Na ukimwona kapteni amesimama pale akinicheka, cheka naye. Atadhani mnacheka kitu kimoja.

Nibusie dada zangu, uje na jibini.

Mwanao mwizi, asiyeiba kitu,
Nuccio