Kibaraza cha Mwita

Jumatatu, 4 Agosti

…na ndiyo maana hata leo Bibi amekataa kuja kututembelea. Nimempigia simu huko Issenye, nimembembeleza, wapi. Siku ya harusi yetu basi lilimshusha katikati ya barabara hapa Nkende, bodaboda ikamkosakosa, akaangukia mtaroni na kitenge chake kipya. Anasema mume wetu anampenda, ila barabara yetu imemkataa.

Mume wetu! Mwita wangu.

Nimechoka. Kutoka sokoni na ndoo kichwani, unapita barabarani pikipiki zikikufuata mgongoni. Halafu namkuta kibarazani kwenye cherehani, tepu shingoni, ananitazama kama aliyenioa jana. Uchovu unaisha. Karibu wote.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkutano wa mtaa. Mhandisi wa barabara ameeleza: njia ya waenda kwa miguu pande zote, na kituo kimoja ambapo basi litaingia pembeni, lisisimame tena kila mlango. Mabasi yatapita haraka. Ila vibaraza vyote vilivyoingia barabarani viondoke. Wenye vibaraza wakigoma, kazi inahamia mtaa mwingine.

Akauliza nani yuko tayari. Nikanyoosha mkono. Sikumwangalia Mwita.

Jirani yetu Mama Rhobi akapaza sauti: “Mke wa juzi huyu, ameshaanza kubomoa nyumba ya watu!”

Wakacheka. Mwita hakucheka.

Ijumaa, 8 Agosti

Amekula. Ameshukuru. Amelala.

Kosa ni langu. Kibaraza alikijenga kwa mikono yake, na hapo ndipo wateja wanamwona. Ndani ni giza, hata tundu la sindano hataliona. Nampenda hadi nakosa pumzi, na sikumuuliza.

Jumapili, 10 Agosti

Mama Rhobi amegoma kuondoa chake. Kwa hiyo nimemuumiza mume wangu bure. Kanisani nilisinzia. Nimechoka na mtaa huu, na vumbi lake, na mdomo wangu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeamshwa na kishindo. Mwita na nyundo, kibaraza nusu kimelala chini!

Kumbe jana, nilipokuwa sokoni, alitoa bati moja juu ya chumba cha mbele, akaweka la plastiki linalopitisha mwanga. Mimi hata sikutazama juu.

Mama Rhobi akatoka, mikono kiunoni. “Fundi, mkeo amekuroga?”

“Ndiyo, mama. Na dawa sitaki.”

Nililia kama mtoto. Jioni Mama Rhobi alikuwa anahamisha mabenchi yake, akinung'unika.

Jumamosi, 23 Agosti

Njia haijaisha. Kipande kutoka kituoni hadi kwetu tu ndicho kimeshindiliwa. Wateja wamepungua kidogo. Mwita anashona ndani, nimekaa sakafuni namkatia nyuzi.

Bibi amepiga. Nimemwamkia, nikamwambia ashuke kituoni, mume wetu atakuwa amesimama hapo, watembee pembeni polepole hadi mlangoni.

Kasema atakuja kabla mwezi haujaisha. Na kitenge kile kile.