Gari la Kale Linatafuta Kitenzi

Mpendwa Bi. Verna,

Naomba uniwie radhi kwa kimya cha miaka sita, kwani mara ya mwisho niliiandikia safu yako ya ushauri gazetini kuhusu bata wa jirani, ukanishauri vizuri, bata wakaondoka, nami sikurudi kushukuru, na leo naja tena mikono mitupu kuomba msaada. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sarufi hapa Halvors Mill, Wisconsin, na nina gari, Rambler Classic ya mwaka 1964, iliyotengenezwa papa hapa jimboni, Kenosha, ambayo tuliinunua mimi na mke wangu Marlys wiki ya harusi yetu, na ambayo mpaka leo hunipeleka dukani, posta na kwa kinyozi, na kila Alhamisi hubeba vyakula vya kanisa kwa wazee wasioweza kutoka, ingawa wengi wao ni wadogo kwangu.

Vuli iliyopita kulungu dume aliruka mbele ya pua ya gari, akatukosa kwa upana wa kiganja, na Marlys, alipopata pumzi, akasema, "Orville, angelitugonga, bima yako ingelitulipa bei ya chuma chakavu." Nikaenda kwa wakala wa bima, Karin Ostby, ambaye nilimfundisha darasa la nane, nikamwomba bima ya magari ya kale, ile ambayo thamani ya gari hukubaliwa tangu mwanzo, na likiangamia unalipwa hiyo hiyo.

"Lina sifa gani za kuitwa gari la kale, Mwalimu?" akaniuliza.

Nikamwonyesha dirishani, kwa kuwa ubavuni limebandikwa neno *Classic*, yaani la kale lenye hadhi, kwa herufi za chuma zinazong'aa. "Limeandikwa," nikamwambia. "Unataka ushahidi gani tena?"

"Hilo ni jina, Mwalimu. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba jina peke yake halifanyi kitu. Mimi nataka kitenzi. Gari hili linafanya nini?"

Bi. Verna, nilijivunia swali hilo mpaka nilipofika nyumbani, ndipo nikaona kwamba limenifunga, kwa maana kampuni inataka gari lilale ndani ya banda lenye kufuli, na banda langu limejaa kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu, tena inataka kila dereva wa nyumba awe na gari jingine la shughuli za kila siku, na Marlys analo lake, mimi sina, na zaidi ya yote inataka nitie sahihi kwamba Rambler haitakwenda dukani wala kazini, ila kwenye maonyesho, gwaride na safari za raha.

Shemeji yangu Duane alipolisikia neno hilo alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, wewe na raha? Wewe ulikwenda fungate ukarudi na magunia ya viazi!"

"Vilikuwa viazi vizuri," nikamjibu.

"Haya, chukua pikapu yangu ya shughuli. Inanuka samaki, lakini inakwenda."

Marlys hakucheka, bali alisema atapanda tena Rambler siku nitakayompeleka mahali ambapo hakuna kitu cha kununua. Sasa naogopa kutia sahihi uongo, na naogopa kwamba gari likiachishwa kazi litasinyaa kama nilivyosinyaa mimi nilipostaafu, na barabara mvua imekwisha kuziosha chumvi inayomwagwa kuyeyusha theluji, msimu wa magari ya kale umefunguka, na mtu wa Madison anakuja Jumamosi kulinunua, naye asema atalitunza kuliko mimi. Je, niliuze, au nijifunze raha katika umri huu?

Orville Tollefson

*

Mwalimu Orville,

Nimeisoma barua yako nikitafuta nukta kama msafiri anayetafuta choo. Pole kwa kulungu. Kwa mengine sikupi pole.

Karin amekwambia kweli, na usimkasirikie kwa kuwa alikusikiliza darasani. Gari halihesabiwi la kale kwa miaka tu. Linahesabiwa pia kwa mwenendo. Wala usithubutu kusaini uongo. Ukiandika kwamba ni la raha huku limebeba viazi, siku ya ajali kampuni itakuuliza ulikuwa unakwenda wapi, na viazi vitajibu.

Kwa hiyo inuka. Kibanda cha barafu kitoe nje; kilijengwa kikae penye baridi kali, hakitakufa kwa mvua. Tia kufuli kwenye mlango wa banda. Pikapu ya Duane ichukue, iandikishe kwa jina lako na uikatie bima yake, na hiyo ndiyo ibebe vyakula vya Alhamisi. Wazee wa kanisa wanasubiri chakula, hawasubiri Rambler. Kisha piga picha za gari pande zote, ndani na kwenye injini, hata palipo na kutu, na mtafute mtu ajuaye magari hayo akadirie thamani. Wewe usiikadirie, utatia mapenzi.

Unasema ulisinyaa ulipostaafu. Hukustaafu, bwana wee. Ulihamishia darasa jikoni kwa Marlys! Wewe unaniuliza habari za bima, na mkeo anakuomba matembezi. Umeusikia mlango wa gari miaka yote hii, hukumsikia aliyekaa kiti cha pili.

Mpigie simu huyo wa Madison asiisumbukie Rambler. Halafu, kabla hujashika kalamu, mzungushe Marlys ziwani. Usichukue kikapu. Akirudi anacheka, kitenzi umekipata. Nenda ukakiandike kwa Karin, na mwishoni weka nukta.

Bi. Verna

*

Majibu hayo nilimpelekea kwa posta kabla ya kuyachapa hapa. Juzi ilifika kadi yake:

Bi. Verna. Tumezunguka ziwa. Marlys alilaza kiti akaimba njia nzima. Hatukununua kitu. Karin aliniuliza tena gari linafanya nini, nikamjibu, "Linatembea." Akasema hicho ni kitenzi kisichohitaji yambwa: hakuna kinachobebwa, hakuna kinachonunuliwa. Nikatia sahihi, na bima imekubaliwa. Mtu wa Madison alikuja hata hivyo, akanunua kibanda cha barafu. Kesho tunatoka tena. Mimi nasema kaskazini, Marlys anasema kusini, na kote kuwili hakuna kitu tunachohitaji. Nitakuandikia tukishaamua.