Bibi Wawili na Picha Moja ya Chaki

Jumamosi, tarehe 12 Julai. Asubuhi ukungu mzito na baridi ya kuuma vidole. Jua limetoka saa nne na robo.

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma, ingawa asubuhi niliogopa kwamba nimewagombanisha bibi zangu.

Kosa lilikuwa langu. Bibi alipokuwa msichana hapa Mapera, mwalimu mgeni wa misheni alimchora kwa chaki nyeusi na nyekundu kwenye karatasi ya kaki. Picha imekaa miaka yote ndani ya sanduku la bati. Juzi niliipeleka Mbinga mjini ikawekewa fremu na kioo, maana chaki ilikuwa inabaki vidoleni. Leo nikaitundika sebuleni, ili mdogo wake, Bibi Mdogo, akipanda kutoka Mbamba Bay aione.

Akaingia na mfuko wa dagaa. Nikamwamkia, akaitikia macho yakiwa ukutani.

"Marahaba. Kumbe picha yangu mnayo nyinyi!"

Bibi akaweka kikombe chini. "Picha yako wapi? Huyo ni mimi."

"Wewe? Shingo hiyo ulikuwa nayo lini?"

Kisha Bibi Mdogo akasema Jumatatu anaondoka na picha yake, na kama hapewi, asitegemewe tena huku.

Hupanda mara moja tu kwa mwaka.

Nikaishusha picha, nikaisogeza dirishani na kuikagua kipande kwa kipande. Juu ya jicho la kushoto kuna kovu. Bibi analo hadi leo. Nikashusha pumzi.

Halafu nikafika mikononi. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kimepinda kwenda nje. Cha Bibi kimenyooka. Nikamwomba Bibi Mdogo mkono wake.

Kimepinda.

Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Ndipo yakatoka yote. Mwalimu alimwomba baba yao binti wa kukaa kigodani siku tatu. Siku ya kwanza alikwenda Bibi. Lakini kahawa ilikuwa imeiva, na Bibi ndiye alikuwa mwepesi wa kuchuma, hivyo baba akampeleka mdogo mtu kwa siku mbili zilizobaki. Mwalimu alipouliza, baba akajibu ameombwa binti, na binti ameletwa. Mwalimu naye akaendelea kuchora kilichokuwa mbele yake.

"Mimi nilidhani ameshamaliza kunichora," Bibi akasema, "wewe umekwenda kula biskuti tu!"

"Na mimi nilidhani amekufuta akaanza upya!"

Nimekiri moyoni kwamba nilitaka Bibi ashinde. Nilimwona kwenye picha hiyo, kila sanduku lilipofunguliwa, tangu nikiwa mdogo wa kuambiwa nisiguse.

Lakini ni yeye mwenyewe aliyeifunga kwa khanga na kuiweka mapajani mwa mdogo wake. "Nenda nayo. Mimi nilikaa siku moja, wewe mbili. Januari nitashuka kuifuata."

Bibi hajashuka ziwani miaka mingi, anasingizia magoti. Leo jioni ameniuliza gari la Mbamba Bay linaondoka saa ngapi.

Sasa ni saa nne kasoro dakika kumi usiku. Nalala.